Korosho za mama na kibali changu cha masomo Kanada

Wiki iliyopita shangazi alishuka stendi ya Mtwara akiwa ameifunga pasipoti yangu kwenye kitambaa, kitambaa amekisokomeza kifuani ndani ya gauni. Aliipokea Dar kwa barua yangu ya idhini, na kutoka Mbagala mpaka hapa hakuitoa hata mara moja, hata basi liliposimama watu wale. Nilipoifungua nikaiona viza imebandikwa, jina langu halina kosa. Nilikaa kwenye benchi palepale stendi nikalia, shangazi akanishika bega, hakusema kitu.

Nimeomba mara mbili. Mara ya kwanza nilinyimwa. Naandika kwa sababu tangu habari isambae mtaani nimepigiwa simu na watu wasiopungua kumi na watano, na wote wana swali moja: "Ulimtumia wakala gani?" Nikiwaambia sikumtumia mtu hawaamini. Wakala nilimtumia ile mara niliyonyimwa.

Mimi ni afisa ugani. Kwetu ni Tandahimba, kazi naifanya upande huu wa Mtwara, nina mume na mtoto wa kike wa miaka minne. Nilipata nafasi ya shahada ya uzamili ya magonjwa ya mimea, miaka miwili, kwenye chuo kimoja cha umma cha Kanada. Profesa atakayenisimamia nilimwandikia barua pepe, akajibu, tukaelewana, chuo kikanipa udahili na posho ya utafiti inayofunika ada na sehemu kubwa ya matumizi. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Mwanzoni mwa 2024 nilikwenda kwa jamaa mmoja hapa mjini anayejitangaza kwamba anapeleka watu ng'ambo. Alinitoza milioni moja na laki nane. Alifungua akaunti ya maombi kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa hiyo kila ujumbe kutoka Kanada ulifika kwake kwanza, na alinisomea alichotaka. Fomu sikuziona mpaka zilipokuwa zimeshatumwa. Barua ya kueleza kwa nini nataka kusoma aliiandika yeye: kwamba Kanada ni nchi nzuri yenye elimu bora na watu wa mataifa mbalimbali. Neno korosho halikuwemo hata mara moja. Mtu anayekwenda kusomea magonjwa ya mikorosho!

Halafu fedha. Wakati huo mwanafunzi anayekwenda peke yake alitakiwa kuonyesha dola za Kanada 20,635 za matumizi ya mwaka, ukiacha ada na nauli. Kiwango hicho kilianza 1 Januari 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 10,000, kwa hiyo mtu aliyeomba zamani akikushauri kwa hesabu zake atakupoteza. (Kwa maombi yanayotumwa kuanzia 1 Septemba 2025 kiwango kimepandishwa tena hadi 22,895.) Posho yangu ya chuo ilibakiza pengo, na pengo hilo pamoja na nauli lilikuwa kama milioni kumi na nne za kwetu. Ndugu walichanga. Mjomba, ambaye kwetu ndiye baba wa mambo mazito, alitoa fedha alizokuwa akizitunza nyumbani, kaka akatoa, mama akatoa. Zote zikaingia kwenye akaunti yangu ndani ya wiki moja ya mwezi wa nne. Nikamuuliza jamaa kama hatupaswi kueleza zimetoka wapi. Akasema, "Dada, wale wakiona salio wanaridhika, hawana muda wa kusoma hadithi."

Nilimwamini. Namlaumu yeye, na mimi mwenyewe najilaumu, kwa sababu kazi yangu ni kuwafundisha wakulima wasinunue dawa bila kusoma kibandiko.

Kisha ikaja barua ya kutakiwa kutoa alama za vidole na picha. Ukishaipata una siku 30 kufika kituo cha maombi ya viza, na kwetu sisi kituo ni Dar es Salaam. Miadi yangu ilikuwa wiki ya pili ya Mei 2024. Watu wa kusini mnaikumbuka wiki ile. Kimbunga Hidaya kilipiga tarehe 4, mvua ikashuka ambayo sijaiona tangu nizaliwe, na barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa. Maji yalibeba tuta na lami yake. Malori yalipanga foleni, watu wakalala njiani na watoto.

Mimi nilikuwa nimeshapanda basi. Tulifika mbele kidogo ya Lindi, dereva akapigiwa simu, akazima injini. Tulikaa mpaka jioni. Kina mama wa pale wakatuletea mihogo ya kuchemsha, wengine hawakutaka hata kupokea hela. Usiku tukageuza. Asubuhi niko Mtwara tena, siku tatu zimebaki kabla ya miadi, na jamaa niliyemlipa hapokei simu.

Nauli ya ndege siku zile haikushikika, na viti vilikwisha. Mume wangu akasema, tuzunguke. Tukapanda gari la Masasi, kutoka Masasi Tunduru, Tunduru mpaka Songea, tukalala kwa mwalimu mwenzake. Alfajiri tukapata basi la Dar kupitia Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro. Safari ambayo kwa kawaida ni kilomita mia tano na sitini hivi ikawa zaidi ya kilomita 1,500. Milima ya Njombe ilikuwa na baridi, mtoto wa pwani mimi sina hata sweta, nikajifunika vitenge viwili. Nilifika kwenye miadi nina vumbi la Ruvuma kwenye viatu na vidole vimevimba. Yule binti wa mashine akaniambia nikanawe maji ya uvuguvugu kwanza ili alama zisomeke, nikaenda, zikasomeka. Dola 85 za alama na 150 za maombi nilishalipa. Jambo moja la kushukuru: alama hizo zinadumu miaka 10, kwa hiyo mara ya pili sikurudia wala sikulipia tena.

Jibu lilitoka Julai. Mimi nililijua Agosti, wiki tatu baadaye, kwa sababu lilikwenda kwenye barua pepe ya jamaa. Lilisema afisa hakuridhika kwamba nitaondoka Kanada mwisho wa muda wangu, kwa mujibu wa kifungu cha 216(1) cha kanuni zao za uhamiaji. Chini zikatajwa sababu fupi: hali yangu ya fedha, na kusudi la safari.

Nilimfuata ofisini. Hakuwa na aibu. Akasema tuombe tena wiki hiyohiyo, karatasi zilezile, nimwongezee milioni moja na kidogo. Na safari hii tufanye "ujanja". Kwenye swali linalouliza kama umewahi kunyimwa viza au kibali na nchi yoyote, tujaze hapana. Na mume na mtoto tusiwataje, maana wakiona familia watadhani nahama.

Nilitoka mle nikiwa natetemeka, kwa sababu kuna kitu kiliniambia huyu mtu atanifunga mlango moja kwa moja. Usiku ule nikaanza kusoma mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, kwa simu, bando likiisha nanunua jingine. Nilichokikuta kifungu cha 40 cha Sheria yao ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi nataka kila anayesoma hapa akishike: ukidanganya au ukificha jambo la msingi, unafungiwa miaka 5. Na wanaona. Maombi yaliyonyimwa walinyima wao wenyewe, yamo kwenye mfumo wao, na alama zangu za vidole wanazo. Ningewaambia hapana, wakati wao ndio walioandika barua ya kuninyima?

Na kuhusu familia ndiyo nilisikia ubaridi mwilini. Mtu akija kuomba ukaazi wa kudumu kule bila kumtaja mwenzi au mtoto anayetakiwa kutajwa na kupimwa afya, hata kama hasafiri naye, baadaye akitaka kumchukua kwa njia ya familia sheria inamkataa mwenzi au mtoto yule. Mwanangu akataliwe kwa sababu ya ujanja wa jamaa yule! Kwetu kusini watoto wengi wanalelewa na bibi zao, na watu wana tabia ya kutowaandika kwenye fomu kwa sababu "mtoto yuko kijijini". Mwandikeni. Fomu ya familia inauliza watoto wote, wa ndani na wa nje ya ndoa.

Jambo jingine nililolisoma usiku ule: maombi unaweza kufanya mwenyewe, fomu ni za bure. Ukimlipa mtu akuwakilishe, lazima awe wakili wa kule au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao cha washauri wa uhamiaji, na majina yao yako wazi mtandaoni. Nilimtafuta jamaa yangu pale. Hayumo.

Rufaa ya kawaida kwa mwanafunzi aliyenyimwa akiwa nje ya nchi hakuna. Kuna kwenda Mahakama ya Shirikisho ya kule ndani ya siku 60, kazi ya mawakili na fedha ambazo sina. Njia nyingine ni kuomba upya, na hakuna muda wa kungoja uliowekwa. Ila ukirudisha kilekile, utajibiwa kilekile.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia kuliko yote.

Barua ya kunyimwa niliyopata ilikuwa fupi, lakini afisa huandika maelezo yake ndani ya mfumo, na maelezo hayo yanaombwa kisheria. Mtu aliye ndani ya Kanada, awe raia, mkaazi wa kudumu au hata mwanafunzi tu, anaweza kukuombea kwa dola 5, wewe ukisaini ridhaa. Nilisoma chuo na dada mmoja ambaye sasa yuko kule. Nikamtumia ridhaa, akaniombea. Ilichukua zaidi ya mwezi. Siku yalipofika nilikuwa shambani kwa mkulima Nanyamba, nimesimama juu ya kichuguu kutafuta mtandao, nikayasoma kwa kuvuta herufi kwa vidole viwili. Mistari haikuzidi kumi na miwili. Fedha nyingi zimeingia kwa mkupuo siku chache kabla ya maombi, chanzo hakikuelezwa. Mpango wa masomo ni wa jumla, hauonyeshi faida yake kwa kazi ya mwombaji. Hakuna uthibitisho kwamba ana ajira ya kurudia.

Nilibaki nimesimama. Hakuandika kwamba mimi ni Mwafrika, au kwamba Watanzania hatutakiwi, maneno niliyokuwa nikipewa kama pole kila ninakopita. Aliuliza maswali matatu, na yote matatu nilikuwa na majibu yake nyumbani.

Nikaamua nisiombe mpaka msimu wa korosho. Nilimwandikia profesa, chuo kikakubali kuahirisha udahili hadi Septemba 2025. Mjomba hakuelewa. Kila Jumapili ananiuliza, hela zipo, unangoja nini? Yeye alitaka azitoe tena kwenye kopo, tuziingize benki, yaishe. Nikamwambia, "Mjomba, safari hii hela isipite mkononi mwako."

"Kwani mkono wangu una nini?"

"Hauna karatasi, mjomba."

Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Haya. Korosho zangu zote mwaka huu zitapita ghalani, kilo moja haitauzwa kangomba." Msio wa kusini, kangomba ni kuuza korosho kwa mlango wa nyuma, kwa kibaba, kwa bei ya kutupa, mtu akiwa na shida ya haraka.

Msimu wa 2024/25 ulikuwa wa neema. Mnada wa mwanzo, mwezi wa kumi, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakapiga vigelegele Tandahimba nzima. Korosho ikipimwa chama cha msingi, mkulima anapewa stakabadhi: jina lake, kilo, daraja, tarehe. Inakwenda ghala kuu, inauzwa mnadani, makato yanatolewa, fedha inaingia benki kwa jina la mkulima. Kila hatua ina karatasi. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani tuko nao tangu 2007, tumeusema vibaya mara nyingi kwa malipo kuchelewa, mimi mwenyewe nimeusema. Lakini ndio uliomjibu afisa.

Mama alipokuwa akisikia neno karatasi alikuwa akinyamaza tu. Siku moja, Novemba, akaniita chumbani. Akafungua sanduku la bati, akatoa khanga kuukuu iliyofungwa fundo, ndani yake stakabadhi za misimu yote tangu baba afariki. Nyingine zimeliwa na mende pembeni. Ya mwaka 2018, ule mwaka serikali ilipozinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 na wanajeshi wakaja kubeba magunia, ilikuwa na alama ya chai. "Nilijua iko siku wataniuliza," akasema. Mama yangu alisoma mpaka darasa la nne.

Nilichagua za misimu mitatu ya karibuni, nikaziweka na stetimenti ya benki ya mama ya tarehe zilezile. Kilo hizi, mnada huu, malipo haya, siku hii. Korosho zake zilikuwa kama tani mbili na kitu, za mjomba pungufu kidogo. Kutoka kwenye akaunti zao fedha zikahamishiwa kwangu benki kwa benki, kila mmoja na barua ya zawadi yenye saini na dole gumba. Akiba yangu ya mshahara ikabaki ilivyo, inapanda polepole miezi kumi na miwili. Sikugusa hata kwa sikukuu.

Hapa nilipata pigo dogo. Stakabadhi ni za Kiswahili, na nyaraka zinatakiwa ziwe Kiingereza au Kifaransa. Kaka yangu ni mwalimu wa Kiingereza, akazitafsiri usiku mmoja kwa upendo, mwandiko mzuri. Haikubaliki. Mwombaji na ndugu zake hawaruhusiwi kutafsiri. Kazi yake yote nikaiweka pembeni na nikampelekea mtafsiri wa kulipwa Dar, na kiapo chake mbele ya wakili (BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, nao hutoa huduma ya tafsiri, ulizeni). Halafu jina la mama: karani wa msimu mmoja aliliandika kwa herufi "h", wa msimu mwingine akaila. Nikaandaa kiapo cha majina. Afisa asiyetujua hawezi kujua kwamba hao ni mtu mmoja.

Barua ya kusudi niliiandika mwenyewe mara saba. Za kwanza zilikuwa bado zinanuka ofisi ya jamaa. Ya mwisho ilinijia asubuhi moja nipo shambani kwetu na mama, chini ya mkorosho aliopanda babu. Nusu ya majani ilikuwa ya njano, upande mmoja wa mti, upande wa pili mzima. Nilikata tawi kwa panga. Ndani, chini ya gome, kuna mistari ya kahawia inayokwenda na mshipa wa mti kama wino uliomwagika. Mama akauliza, "Ndiyo ule?" Nikamwambia ndiyo. Mnyauko. Ubwiri unga tunaupulizia salfa na unasikia, lakini mnyauko unaoletwa na kuvu wa fusari uko udongoni na kwenye mishipa, salfa haiufikii. Mama aliweka kiganja kwenye shina, akakaa hivyo, kisha akaenda kuendelea na palizi.

Nikaandika hivyo. Mti huo, mistari hiyo, kwamba wenzetu wa kituo cha utafiti cha TARI Naliendele wanalishughulikia na wanahitaji watu zaidi, kwamba profesa wangu anafanyia kazi jamii hiyohiyo ya kuvu kwenye mazao mengine, na kwamba mwajiri wangu amenipa ruhusa ya masomo na kiti changu kinanisubiri. Barua ya ruhusa nikaiambatanisha. Barua ile ilikuwepo hata 2024! Jamaa aliniambia si lazima.

Wengi mnaniuliza kama ukisema ungependa kubaki kule unanyimwa papo hapo. Sheria yao yenyewe inasema nia ya kuja kuwa mkaazi wa kudumu haizuii kupewa kibali cha muda, ilimradi umridhishe afisa kwamba muda ukiisha bila kibali kingine utaondoka. Mimi sikuhitaji kulisema hilo kwa sababu kweli narudi.

Afya sasa, maana hapa mtaani wamenitisha kuliko mahali pengine. Ukikaa kule zaidi ya miezi sita ukitokea Tanzania unapimwa na daktari waliyemteua wao, si hospitali yoyote. Mimi nikiwa na miaka tisa nilitibiwa kifua kikuu. Jirani akaniapia: wakiona kovu kwenye picha ya kifua, basi, na usiseme uliugua. Nilisema. Daktari alipoona picha alikuwa ameshaandika maelezo yangu. Akanitaka makohozi asubuhi tatu mfululizo, nikalala kwa shangazi Mbagala, alfajiri napanda daladala na tumbo tupu. Kisha yanaoteshwa maabara, na hiyo inakula hadi wiki nane. Yakaja safi. Kovu la zamani lililotibiwa halikuzuii. Kinachozuia ni ugonjwa ulio hai mpaka utibiwe. Wanapima na VVU pia kwa mtu mzima, na kuwa navyo pekee si sababu ya kukataliwa moja kwa moja. Wanachotazama ni hatari kwa umma au gharama kubwa kupita kiasi kwa huduma zao. Majibu yanadumu miezi 12. Yote na kulala Dar haikupungua laki sita. Ombi langu la kwanza halikufika hata hatua hii, kwa hiyo safari hii nilipima kabla ya kutuma, na nikashukuru, maana zile wiki nane zingenikuta Juni.

Mwaka 2025 kulikuwa na jipya kwetu: barua ya jimbo ya kuthibitisha nafasi yako. Mwaka 2024 sisi wa uzamili tulisamehewa, mwaka huo wa 2025 tukaingizwa. Chuo ndicho kilichokuombea. Bila hiyo maombi ya mwaka huo yalirudishwa bila hata kusomwa, na nimeona mtu wa Masasi yamemrudia hivyohivyo.

Nilituma Aprili, kwa akaunti yangu, barua pepe yangu, nywila naijua mimi. Kwenye swali la kunyimwa nikajaza ndiyo, nikaandika tarehe, sababu, na nilichorekebisha. Mume na binti nikawaandika wote kwamba wanabaki Mtwara kwa sasa. Kwa sheria ya tangu 21 Januari 2025 mume wa mwanafunzi wa uzamili wa miezi 16 au zaidi anaweza kuomba kibali cha kazi, lakini tumeamua mwaka wa kwanza nitangulie. Na hesabu zangu hazina shilingi ya kazi za pembeni. Yapo maneno kwamba utafanya kazi ujilipie. Ruhusa ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo muhula ukiendelea, lakini afisa hakuhesabii hela ambayo hujaipata.

Julai ikaja barua ya kupeleka pasipoti. Kibali chenyewe kinachapishwa na afisa wa mpakani nikitua. Nilichonacho mkononi ni viza na barua ya utambulisho. Kwa hiyo karatasi zangu zote nabeba kwenye mkoba wa mkononi, sizitii kwenye begi la chini. Anaweza kuuliza lolote.

Nasafiri mwisho wa Agosti. Jumamosi nilikwenda kumuaga mama, akanipikia ming'oko. Baada ya kula akaniuliza stakabadhi zake ziko wapi. Nilikuwa nimezileta, zile halisi, tafsiri na nakala nabaki nazo. Akazihesabu moja moja kitandani, akanyoosha ile yenye alama ya chai, akazifunga kwenye khanga, akaacha mkia wa fundo mrefu kidogo kwa ajili ya za mwezi wa kumi.